Kungojea Majibu: Vipimo vya Ebola katika Nchi Jirani

Mwishoni mwa mwezi wa Septemba, mwaka 1976, ndege ya abiria kutoka Kinshasa iliwasili Ubelgiji ikiwa na mzigo ambao hakuna aliyeutilia shaka. Mzigo wenyewe ulikuwa chupa ya chai ya plastiki, yenye rangi ya samawati, mfano wa zile ambazo watu huchukua safarini, na msafiri mmoja alikuwa ameibeba pamoja na vitu vyake vya mkononi. Ndani yake hamkuwa na chai. Mlikuwa na barafu iliyokwisha yeyuka, karatasi iliyoandikwa kwa mkono, na vichupa viwili vya damu. Kichupa kimoja kilikuwa kimevunjika, na damu yake imechanganyika na maji. Damu hiyo ilikuwa ya mtawa wa Kibelgiji aliyeugua katika misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati ule, nayo ilikuwa inapelekwa katika chuo cha magonjwa ya nchi za joto mjini Antwerp ili ijulikane ni ugonjwa gani uliokuwa ukiwaua watu wa huko.

Ndugu wasikilizaji, historia ya vipimo vya ugonjwa wa Ebola, ambao ndio ulioanza kujulikana kwa damu hiyo, yaweza kuelezwa kwa namna nyingi. Wataalamu huieleza kwa majina ya mashine na kemikali. Sisi leo tutaitazama kama historia ya kungojea: damu ilitolewa wapi, ikasafirishwa hadi wapi, majibu yakarudi baada ya siku ngapi, na katika siku hizo ni watu wangapi waliokwisha zikwa. Kwa jirani zetu wa Kongo na Uganda swali hilo limekuwa la uhai na mauti kwa karibu nusu karne.

Mgonjwa wa kwanza wa Yambuku kutambuliwa alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya misheni. Aliugua homa mwishoni mwa Agosti 1976, akadhaniwa kuwa na malaria, akapigwa sindano ya klorokwini. Dhana hiyo haikuwa ya kijinga hata kidogo, kwani homa, kuumwa kichwa na uchovu wa viungo ni dalili za malaria kabla ya kuwa dalili za kitu kingine chochote katika nchi zetu. Lakini hospitali ya Yambuku, yenye vitanda 120, ilikuwa ikitoa sindano tano tu kila asubuhi zitumike kwa wagonjwa wote, nazo zilisuuzwa kwa maji ya vuguvugu baina ya mgonjwa mmoja na mwingine. Kwa njia hiyo hospitali yenyewe ikawa ndiyo inayoeneza maradhi. Tarehe 30 Septemba ilifungwa, kwa sababu watumishi 11 kati ya 17 walikuwa wamekufa. Yafaa tarehe hiyo ikumbukwe, maana ni katikati ya Oktoba ndipo maabara za Antwerp, za Porton Down nchini Uingereza na za Atlanta nchini Marekani zilipobainisha kuwa kirusi kilichoonekana katika darubini, chenye umbo la mnyoo, kilifanana na kile cha Marburg ilhali kilikuwa kipya. Hospitali ilikuwa imekwisha fungwa. Wanavijiji nao walikuwa wamekwisha ziba njia kwa magogo, kama wazee wao walivyofanya zamani wakati wa ndui. Hesabu ya mwisho ilikuwa wagonjwa 318, na waliokufa 280. Majibu yaliyorudi kutoka ng'ambo yaliupa ugonjwa jina la mto, yaani Ebola, ili jina la Yambuku lisibaki na aibu. Lakini kwa wale waliozikwa hayakuwa na faida.

Hapa yafaa tukumbushane kwamba Afrika Mashariki haikuwa bila maabara. Kituo cha Entebbe, nchini Uganda, kilianzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya kuchunguza homa ya manjano, na baadaye kikawa kituo cha virusi cha Afrika Mashariki nzima. Homa iliyowapata watu wa Newala, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1952 na 1953, ile iliyopewa jina la Kimakonde la chikungunya kwa jinsi inavyomkunja mtu, ilitambuliwa kwa damu iliyopelekwa Entebbe. Kipimo cha siku zile kilikuwa cha subira kubwa: damu ilidungwa katika vitoto vya panya, kisha mtaalamu akangoja kuona kama vitaugua. Kazi hiyo ilikuwa ya heshima, na kwa kweli virusi vingi vinavyojulikana duniani leo, vikiwamo vya Zika na vya homa ya Mto Nile ya Magharibi, vilionekana kwanza mikononi mwa watu wa Entebbe. Lakini mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika, kituo kikabaki mali ya Uganda peke yake, na Uganda ya miaka ile ilikuwa na misiba mingine mingi. Kwa hiyo katika muda ule ule ambao Ebola ilijitokeza, chombo ambacho kingeweza kuwa cha kwanza kuitambua kilikuwa kinadhoofika.

Baada ya Yambuku wataalamu walitengeneza kipimo cha kutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatoa kupigana na kirusi. Kipimo hicho kilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba askari hao huchelewa kutoka, na mgonjwa mahututi wa Ebola mara nyingi hufa kabla hawajaonekana. Ya pili ni kwamba kilidanganya: kilionyesha dalili za Ebola katika damu ya watu wa nchi za mbali kabisa, hata Amerika ya Kati, ambako ugonjwa huo haujapata kuonekana. Ilichukua miaka mingi kabla ya kupatikana vipimo bora zaidi, vinavyokamata chembe za kirusi chenyewe katika damu. Hata hivyo vipimo hivyo vilikaa Atlanta na katika miji michache mingine ya aina hiyo.

Matokeo yake yalionekana Kikwit, mwaka 1995. Ugonjwa uliingia mjini humo mwezi Januari kwa mtu aliyekuwa akifanya kazi porini. Ukatambaa miezi mitatu katika familia na zahanati ukiitwa kuhara damu au homa ya matumbo. Mwezi Aprili mtumishi mmoja wa maabara alipasuliwa tumbo kwa kudhaniwa kuwa utumbo wake umetoboka kwa homa hiyo ya matumbo, na waganga na wauguzi waliompasua wakaanza kuanguka mmoja baada ya mwingine. Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyekuwa ameiona Yambuku kwa macho yake akiwa kijana, alipoitwa huko alitambua mara moja kuwa anakutana tena na adui yule yule. Lakini utambuzi wa mtu mwenye uzoefu haukutosha kwa ulimwengu. Damu ilipelekwa Antwerp, Antwerp ikaipeleka Atlanta, na Atlanta ikathibitisha tarehe 10 Mei. Wagonjwa wote walikuwa 315, na kama robo yao walikuwa watumishi wa afya.

Kutoka Kikwit kulitokea jambo moja ambalo halisemwi sana, nalo lastahili kusifiwa kwa unyenyekevu wake. Wataalamu walitengeneza kipimo cha kipande kidogo cha ngozi ya maiti, kinachowekwa katika dawa ya kuhifadhi ambayo humuua kirusi papo hapo. Kipande hicho hakihitaji barafu wala ndege ya pekee. Muuguzi wa kijijini aweza kukituma pasipo hatari. Hakikuwa kipimo cha haraka, wala hakimsaidii aliyekufa. Lakini aliyekibuni alikuwa amejiuliza swali la haki: vijijini kuna nini, na hakuna nini?

Mwaka 2000 Ebola ya aina ya Sudan ilizuka Gulu, kaskazini mwa Uganda. Daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor alikisia kuwa ni homa ya virusi na kuanza kuwatenga wagonjwa kabla maabara yoyote haijasema neno. Damu ilipelekwa Johannesburg, wala si Entebbe, na majibu yakaja katikati ya Oktoba. Ndipo ikafanyika hatua ambayo, kwa maoni yetu, ndiyo iliyogeuza historia hii. Wataalamu wa Kimarekani hawakungoja damu iwafuate kwao. Walikuja na vyombo vyao, wakajenga maabara ndani ya hospitali ya Lacor. Humo walitumia kipimo cha kuzidisha chembe za urithi za kirusi hadi zionekane, na majibu yakapatikana katika muda wa saa badala ya siku. Mgonjwa asiye na Ebola aliweza kutolewa katika wodi ya hatari, na mwenye nayo akatengwa mapema. Wagonjwa walifikia 425, nao waliokufa 224. Daktari Lukwiya mwenyewe alifariki tarehe 5 Desemba mwaka huo kwa ugonjwa aliouwahi kuutambua.

Somo la Gulu halikukamilika, kwa kuwa wageni walipoondoka, maabara nayo iliondoka. Miaka saba baadaye, katika wilaya ya Bundibugyo inayopakana na Kongo, watu waliugua tangu Agosti 2007, na majibu hayakupatikana hadi Novemba. Hapo palitokea ajabu nyingine. Kipimo cha chembe za urithi, kile chenye sifa ya ukali kuliko vyote, kilisema hakuna Ebola. Kipimo cha zamani, kisicho kikali vile lakini chenye jicho pana, kikasema ipo. Cha zamani ndicho kilichosema kweli, kwani kirusi hicho kilikuwa cha aina mpya ambayo kipimo kipya hakikuwa kimefundishwa kuifahamu. Tuliweke jambo hili akilini, maana litarudi.

Mwaka 2010 maabara ya kudumu ya homa hizo ilifunguliwa Entebbe kwa ushirikiano wa Uganda na Marekani. Mwezi Mei 2011 msichana wa miaka 12 katika wilaya ya Luwero alifariki akiwa na dalili za kutoka damu. Madaktari walishuku, damu yake ikapelekwa Entebbe, umbali wa safari ya gari ya saa chache, na ikajulikana kuwa ni Ebola ya Sudan. Hakupatikana mgonjwa wa pili. Magazeti ya dunia hayakuandika mengi, kwa sababu mlipuko wa mtu mmoja si habari. Na pengine hiyo ndiyo sababu ya watu wengi kutotambua ni jambo kubwa kiasi gani lililofanyika Luwero.

Msukumo mkubwa wa kutafuta vipimo vya haraka ulitoka mbali na kwetu, yaani katika Afrika ya Magharibi. Ugonjwa ulioanza Guinea mwishoni mwa mwaka 2013, kwa maana ya mwezi wa Desemba, ulithibitishwa Machi 2014 katika maabara ya Ufaransa, na kabla haujakoma mwaka 2016 ulikuwa umewapata watu zaidi ya 28,000 na kuwaua zaidi ya 11,000. Hofu ilipofika Ulaya na Marekani, fedha zilipatikana. Mwaka 2015 yalitoka mambo mawili. La kwanza ni katriji ya Ebola kwa ajili ya mashine iitwayo GeneXpert, ambayo tayari ilikuwamo katika hospitali nyingi za Afrika kwa kupima kifua kikuu. Damu huuawa nguvu kwa dawa, hutiwa katika katriji, na katika muda usiozidi saa mbili mashine hutoa jibu bila ya kuhitaji mtaalamu wa shahada. La pili ni kipimo cha karatasi kiitwacho ReEBOV: tone la damu la kidoleni, dakika 15, bila umeme, kama kile cha malaria ambacho wananchi wamekizoea zahanati.

Kwa haraka mtu angedhani kipimo cha karatasi ndicho kilichomaliza tatizo. Tupige hesabu. Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa kipimo hicho kiliwakamata wagonjwa wa kweli 92 katika kila 100, na kiliwaacha huru kwa haki watu 85 katika kila 100 wasio wagonjwa. Chukua watu 100 waliofika wakiwa na homa, na tuseme 10 kati yao wana Ebola. Kipimo kitawaonyesha 9, na mmoja atarudishwa nyumbani kwa mkewe na watoto wake. Katika wale 90 wenye malaria na maradhi mengine, kitawashtaki 13 au 14 ambao hawana hatia. Kwa hiyo kati ya watu kama 23 watakaoambiwa wana Ebola, walio wengi hawanayo. Na ukiwaweka katika wodi moja na wenye nayo, watakuwa nayo. Ndiyo maana Shirika lilielekeza kuwa kitumike pale tu ambapo kipimo cha maabara hakiwezi kupatikana upesi, na majibu yake yathibitishwe baadaye. Isitoshe, hata kipimo kilicho bora kuliko vyote chaweza kukosa kirusi katika siku tatu za kwanza za homa, kwa kuwa bado ni kichache mno katika damu; mgonjwa hana budi kupimwa tena.

Mahali ambapo kipimo cha haraka cha namna hii chafaa sana ni kwa marehemu. Maiti ya Ebola imejaa virusi, nayo familia inataka kuiosha na kuizika kwa heshima. Kuinyima ruhusa siku tatu kwa kungoja maabara ni kuamsha ugomvi, na kuiruhusu ni kueneza msiba. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha kipimo kiitwacho OraQuick, ambacho hutumia damu ya mgonjwa aliye hai au mate ya aliyefariki.

Katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018, Wakongo walionyesha walichojifunza. Sampuli za kwanza zilipimwa Kinshasa katika taasisi ya taifa inayoongozwa na Profesa Muyembe, na si Antwerp wala Atlanta. Nne kati ya sita zilikuwa na Ebola. Mara mashine zikapelekwa Beni, kisha Butembo, Goma, Bunia na kwingineko, zikitumiwa na Wakongo wenyewe katikati ya vita na uvumi. Ugonjwa ulichukua karibu miaka miwili na kuua watu zaidi ya 2,200. Hapana budi kusema kwamba mashine pekee haimtoi mtu nyumbani kwake akiwa anaiogopa serikali na bunduki zinalia. Lakini jambo jipya lilipatikana. Dawa mbili zilizojaribiwa huko zilionyesha mwaka 2019 kuwa zinaponya. Moja kati yake ilitokana na damu ya mtu aliyenusurika Kikwit mwaka 1995. Katika majaribio hayo, kila siku moja iliyopita tangu mgonjwa kuanza kuugua hadi kutibiwa iliongeza uwezekano wa kifo kwa kiasi cha asilimia 11. Wale waliopata dawa hizo virusi vikiwa bado vichache mwilini, tisa katika kila kumi hivi walipona. Tangu hapo kumpima mtu mapema kumekuwa njia ya kumponya, ilhali zamani kulikuwa njia ya kumtenga tu.

Ndipo linaporudi lile la Bundibugyo. Katriji iliyotengenezwa kwa hofu ya mwaka 2014 huitambua Ebola ya aina ya Zaire tu. Septemba 2022, Mubende nchini Uganda, ugonjwa ulikuwa wa aina ya Sudan, na watu walikuwa wamekwisha kufa tangu Agosti. Walioutambua ni Entebbe, kwa vipimo vyao vyenye jicho pana. Laiti Uganda ingekuwa imeweka tegemeo lake lote katika mashine ile nzuri, ingejibiwa katika muda usiozidi saa mbili kwamba hakuna Ebola. Kisa ni biashara: mtengenezaji hutengeneza kile ambacho kitanunuliwa, na ugonjwa unaozuka mara chache tu, tena katika wilaya za wakulima maskini, hauna wanunuzi mlipuko ukishakoma. Katika homa ya Marburg hali ni hiyo hiyo, nayo imezifikia nchi zetu. Mkoa wa Kagera uliipata Machi 2023, na Rwanda ikatangaza yake Septemba 2024, ikithibitishwa na maabara yake yenyewe. Ilipozuka tena Kagera, katika wilaya ya Biharamulo, Januari 2025, sampuli ilipimwa kwanza katika maabara inayohamishika ya Kabaile mkoani humo humo, kisha ikathibitishwa Dar es Salaam.

Mwezi huo huo wa Januari 2025 muuguzi mmoja wa hospitali kuu ya taifa ya Uganda alishikwa na homa. Alitafuta tiba mahali kadhaa, ikiwa ni pamoja na kwa mganga wa jadi. Alifariki Kampala tarehe 29 ya mwezi, na maabara tatu za nchi yake zikathibitisha haraka kuwa ni Ebola ya Sudan. Serikali ilitangaza kesho yake, na kabla ya juma kwisha majaribio ya chanjo yalikuwa yameanza. Entebbe ni mwendo wa kilomita zipatazo 40 kutoka Kampala. Sampuli iliyopimwa ilichukuliwa katika maiti yake.